Wakili unataka ubunge? Soma hapa kabla hujachapisha mabango

Jamani kila nikikaa na mawakili vijana hapa Gulu, Uganda, lazima mmoja aseme anagombea, ukimuuliza amejiandaaje anakuonyesha bango kwenye simu. Bango! Haya ngoja niwaambie.

Shule maliza, hiyo sitaki hata kuizungumzia sana, miaka 4 ya digrii halafu LDC (chuo cha mafunzo ya uwakili) halafu uandikishwe uwakili. Ila kumbuka Katiba haimdai mbunge digrii, inadai uraia, A-level au elimu inayolingana nayo, na jina kwenye daftari la wapiga kura, kwa hiyo muuza chapati aliyemaliza senior six mko naye sawa tu.

Na hapo kwenye daftari msicheke. Norbert Mao ni wakili, alikuwa rais wa wanafunzi Makerere, akawa mbunge wa Gulu Municipality 1996 mpaka 2006, akawa mwenyekiti wa LC5 (yaani wa wilaya), akagombea urais 2011, halafu mwisho wa 2015 anaenda kutafuta ubunge tena anakuta jina halimo kwenye daftari, basi ikaishia hapo. Mtu wa sheria kabisa! Wakati wa kuhakiki majina nenda mwenyewe kituoni, lione kwa macho yako, usitume dereva.

Njia yake naipenda lakini. 2006 alitoka bungeni akashuka wilayani, wengi wanaona LC5 ni kurudi nyuma, mimi naona huko ndiko watu wanakujua kwa barabara na zahanati, siyo kwa hotuba. Na enzi hizo watu bado wako kwenye kambi za waliokimbia vita vya LRA, mazungumzo ya amani ya serikali na waasi hao yanaendelea Juba, siyo kiti cha kustarehe. Baadaye 2022 akawa waziri wa sheria kwenye serikali ya Museveni, kuna wana DP (chama chake) mpaka leo wamenuna, hayo yao.

Sasa kesi. Jina la wakili huku kwetu linajengwa na ardhi, na ardhi nyingi ni ya kimila, haina hati, mpaka ni mti wa mwembe aliouacha babu. Usikae ofisini, nenda shambani, mwache mzee akuonyeshe huo mwembe, kaa chini mle posho (ugali) na maharage. Lakini angalia, kila kesi ya ardhi ina koo mbili, ukishinda mahakamani umepata kura za ukoo mmoja na ule mwingine watakusubiri na kalamu siku ya kura, kwa hiyo zinazoweza kupatana zipatanishe, hata kama ada inapungua.

Pesa: fomu ya ubunge peke yake ni shilingi milioni 3, bado mafuta, bado mazishi (usikose mazishi, na ukifika usishike maiki mpaka upewe). Kama ni wakili wa serikali unajiuzulu angalau siku 90 kabla ya siku ya uteuzi wa wagombea, wapo wanaosahau hiyo.

Kubwa zaidi ni mawakala, wale wanaokulindia kura kituoni. Mimi 2021 nilikuwa wakala wa mgombea mmoja, wakili mzuri tu, simtaji, kituo chetu tulikaa toka asubuhi bila hata chai, saa kumi jioni mimi na mwenzangu tukaenda kutafuta chakula na kura ndiyo zinaanza kuhesabiwa. Tuliporudi DR form (fomu ya matokeo ya kituo) imeshasainiwa, nakala yetu hatuna. Bosi anataka kwenda mahakamani, tunamwuliza ushahidi uko wapi, anatutazama tu. Kesi ya ubunge unafungua High Court ndani ya siku 30 toka matokeo yatoke kwenye gazeti la serikali, na siku 30 bila DR form zinaisha haraka sana.

Kwa hiyo kila kituo weka mawakala wawili, wape chakula cha mchana mapema na nauli mkononi, kura zihesabiwe kwa sauti wao wakiandika, wasaini, wachukue nakala, waipige picha hapo hapo kabla boda haijaondoka. Bango utachapisha baadaye.