Kugeuza tofauti ya joto: ile 32 iache nje

Themostati ya chumba cha baridi imeandikwa DIFF 4°F, nawe unataka kuisoma kwa selsiasi. Andika 4 kwenye kigeuzi cha simu na utaletewa -15.6. Simu haijakosea, ila umeiuliza swali lisilo lako. Imetoa 32 kwanza kisha ikagawanya kwa 1.8, ikakupa baridi ya nyuzi 4, ilhali DIFF ni mwanya: mashine inazima kwenye 34°F, inawaka tena kwenye 38°F.

Jibu ni 4 ÷ 1.8, yaani 2.2°C.

Hiyo 1.8 inatoka wapi? Maji huganda kwenye 32°F na, hapa Malindi usawa wa bahari, huchemka kwenye 212°F. Hapo kati mna nyuzi 180. Selsiasi ina 100 tu. Ile 32 ni mahali pa kuanzia kuhesabu, na ukitoa joto moja kwenye jingine inajifuta yenyewe.

Kwenda farenhaiti, zidisha kwa 1.8. Tuseme kolekole ametoka majini ana 28°C, akafukiwa kwenye barafu hadi kipimajoto kilichochomwa kwenye mnofu karibu na uti kisome 2°C. Ameshuka nyuzi 26. Kwa kichwa: mara mbili ni 52, toa sehemu yake ya kumi, 5.2, zinabaki 46.8°F. Hakikisha kwa njia ndefu: 28°C ni 82.4°F, 2°C ni 35.6°F, tofauti ni ileile 46.8. Ukijumlisha 32 unapata 78.8, na samaki aliyeshuka hivyo kutoka 82.4 angekuwa kwenye 3.6°F, mgumu kama jiwe.

Kwenda kelvini (K), kipimo cha joto cha wanasayansi, hakuna hesabu: 26°C ya kushuka ni 26 K. Usiongeze 273.15.

Panapowakwaza hata mafundi ni kipimo kinachosema "kwa kila nyuzi". Kupasha kilo moja ya maji kwahitaji kilojuli 4.18 kwa kila 1°C. Uzi wa farenhaiti ni mdogo, basi hapa hesabu inapinduka: gawanya kwa 1.8 upate 2.32 kwa kila 1°F.

Kosa la kipimajoto nalo ni tofauti. ±2°F ni ±1.1°C, na kwa samaki wa barafu hiyo ni nyingi mno.

Ukibandika karatasi mlangoni, andika "tofauti ya 2.2°C". Ukiandika "2.2°C" pekee, fundi ajaye ataidhani ndiyo baridi ya chumba.