Kutembeza besi: utamu uko pigo la nne

Kutembeza besi, yaani ile "walking bass" ya jazi, siyo kugumu kama watu wanavyodhani, we hesabu mapigo 4 kila baa (kipande kimoja cha wimbo chenye mapigo hayo) na kila pigo lipe noti moja. La kwanza piga noti mama ya kodi (ile noti inayoipa kodi jina; kodi, au "chord", ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja), la pili na la tatu noti zingine za kodi hiyohiyo, ila la nne ndo lenye utamu wote, maana hapo unatafuta noti iliyo nusu hatua (freti moja kwenye gitaa la besi) juu au chini ya noti mama ya kodi inayofuata. Mfano kodi ya D maina (D minor) kwenda kodi ya G: D, F, A, A flati, halafu unadondokea G, aisee sikia inavyovuta! Metronomu (kifaa cha kuhesabia mapigo) weka milio 40 kwa dakika, kila mlio uhesabu kama pigo la 2 na la 4, na noti usiiachie mapema. Msikilize sana Ray Brown, mpiga besi wa jazi, mi huwa naimba mistari yake kwanza ndo nashika gitaa.