Kupaka rangi Martlet ya 1/72 kwenye unyevu wa Mombasa

Wengi mmeniuliza nilivyoipaka ile Martlet, modeli ya plastiki ya ndege ya vita iliyopunguzwa mara 72, iliyo juu ya kabati langu. Haya, hili ndilo somo. Kuunganisha vipande sitakueleza: karatasi iko ndani ya boksi, ziba mishono kwa puti, piga msasa laini, basi. Shida ya watu wa pwani huanza rangi inapofunguliwa.

Kwa wasioijua, Martlet ni jina ambalo Waingereza waliipa ndege ya Kimarekani, Grumman Wildcat. Mei 1942 ziliruka kutoka Illustrious, manowari ya kubebea ndege, Waingereza walipoishambulia Diego Suarez, Madagaska, na mwaka huohuo meli za kivita za Uingereza zilizokuwa Ceylon (sasa Sri Lanka) zilihamia hapa kwetu Kilindini kwa kuwahofia Wajapani. Ndiyo maana niliichagua. Mabawa ya ndege yenyewe yalikuwa na upana wa karibu mita 11.6, kwa hiyo modeli yake ni sentimita 16. Haifiki shubiri.

Hatua ya 1: Osha. Plastiki hutoka kiwandani na mafuta ya kalibu, na vidole vyako vimeongeza jasho. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo, mswaki wa zamani. Iache ikauke yenyewe, usiipanguse kwa kitambaa chenye nyuzi.

Hatua ya 2: Chagua saa. Hii ndiyo inayodharauliwa. Modeli yangu ya kwanza niliipuliza vanishi wakati wa masika, baada ya magharibi, mvua imetoka kukatika. Nililala na ndege ya kijivu, nikaamka na ndege nyeupe kama iliyomwagiwa unga. Vanishi ile hukauka kwa kuruka kwa tina, yaani kiyeyusho chake, na tina ikiruka hupoza uso wa plastiki. Hewa ikiwa na maji mengi, unyevu unaganda palepale ndani ya vanishi. Tangu siku hiyo napuliza kati ya saa tano na saa nane mchana, jua limeshakausha hewa ya alfajiri, na dirisha la upande wa upepo nimelifunga kwa sababu ya vumbi. Kazi kubwa naiweka Januari na Februari, kaskazi ikivuma. Mvua ikinyesha, napaka viti vya rubani na magurudumu, vitu vya brashi.

Hatua ya 3: Praima, yaani rangi ya kutangulia, ya kijivu, nyembamba. Itakuonyesha mishono uliyodhani umeiziba. Rudi kwenye msasa bila kinyongo.

Hatua ya 4: Rangi zenyewe. Anza na tumbo, rangi hafifu inayofanana na ganda la yai la bata. Ikikauka, ifunike kwa tepu, upake juu kijivu cha bahari kilichokolea, kisha madoa makubwa ya kijivu chenye ukijani. Mipaka ya madoa mimi huichora kwanza kwa penseli laini. Rangi ya maji ichanganye mpaka iteremke ukingoni mwa kikombe kama maziwa fresh, si kama mtindi. Kwa kompresa na kipulizio cha rangi, presha ya 15 hadi 20 psi yatosha, umbali wa vidole vinne. Joto letu hukausha rangi kwenye ncha ya sindano ya kipulizio. Kila baada ya dakika chache ipanguse kwa kijiti cha pamba kilicholowa tina, la sivyo itaanza kutema matone.

Hatua ya 5: Ng'arisha kabla ya vibandiko, yaani zile alama za ndege za kubandika. Hapa nitakaa kidogo. Watu huniambia, "Fundi, ndege ya vita haing'ai, kwa nini niing'arishe?" Rangi isiyong'aa ina vinundu vidogo visivyoonekana kwa jicho. Ukilaza kibandiko juu yake, hewa hunaswa katikati ya vinundu, na ukiigeuza ndege kwenye mwanga unaona utando wa fedha kuzunguka alama. Hakuna anayeamini tena kwamba imepakwa. Basi piga vanishi ya kung'aa mara mbili, ngoja siku nzima. Kibandiko kitie kwenye maji ya uvuguvugu, kitoe, kiweke pembeni mpaka kiteleze chenyewe juu ya karatasi yake. Usikivute. Kitelezeshe hadi mahali pake, kisha kwa kijiti cha pamba sukuma maji kutoka katikati kwenda nje. Pale kinapopita juu ya mstari wa maungio ya bati, tia tone la dawa ya kulainisha. Kitakunjamana kama ngozi ya maziwa, utashtuka, usikiguse, kitajinyoosha.

Hatua ya 6: Uchafu. Rangi ya mafuta nyeusi-kahawia iliyoyeyushwa kwa spiriti nyeupe, ipite kwenye mistari ya bati, ipanguse. Moshi wa injini mimi hutumia masizi ya sufuria ya kuni, kwa brashi kavu. Kidogo tu.

Hatua ya 7: Vanishi isiyong'aa, saa ileile ya mchana. Ndipo uondoe tepu uliyokifunikia kioo cha rubani kabla ya kupaka.

MASWALI YA WANACHAMA

Wa Likoni: Fundi, sina kompresa. Niache?
— Usiache, ndugu yangu. Brashi bapa laini, mikono mitatu myembamba, mwelekeo mmoja, na usirudie palipo pabichi. Vanishi tu ndiyo utumie ya kopo la kupuliza.

Kijana wa Changamwe: Ami, shikamoo. Yangu imeshakuwa nyeupe kama yako. Niikwangue?
— Marahaba. Usikwangue kwanza. Ngoja siku kavu, ipige vanishi ya kung'aa juu yake. Yangu weupe ulipotea, nikarudia isiyong'aa wiki iliyofuata.

Mzee wa Kibokoni: Nimeona picha nyingine, lile duara la alama ya Waingereza halina nyekundu katikati. Ipi sahihi?
— Zote, mzee wangu, kutegemea tarehe. Baadaye kwenye Bahari Hindi nyekundu ilifutwa ili ndege za Waingereza zisidhaniwe za Wajapani, ambao alama yao ilikuwa duara jekundu. Amua kwanza unatengeneza ndege ya mwezi gani, ndipo ukate kibandiko.

Mama Nyali: Mwanangu ana miaka kumi na moja, ameshikilia anataka. Harufu haitamdhuru?
— Bi mkubwa, mpe rangi za maji na brashi. Makopo ya kupuliza na tina ushike wewe, nje barazani, barakoa usoni, na mbali na jiko la gesi.