Jini Anaporudi: Namna ya Kupanga Filamu ya Pili na Timu Ileile

Kama hadithi yenu ya majini inaendelea na mnataka kuishuti na timu ileile, bajeti na kamera vingoje. Anzeni kwa kumpigia kila mtu simu.

Mimi ni mtunza kontinuiti, yaani ninayehakikisha nguo, mekiapu na vitu vinafanana toka shoti hadi shoti, mzaliwa wa Ngamiani hapa Tanga. Filamu yetu ya kwanza tuliitoa kwenye hadithi aliyotusimulia bibi, ya jini anayelinda mapango ya Amboni. Tulipoamua kurudi miaka mitatu baadaye, niliuliza kila mtu "upo?" na kila mtu akajibu "nipo". Kumbe dada wa mekiapu alikuwa mjamzito, na wiki tuliyoanza kushuti ndiyo aliyojifungua. Namna ya kutengeneza ngozi ya jini aliijua yeye peke yake: udongo gani, gundi kiasi gani, ikauke muda gani kabla ya kupakwa majivu. Tukakisia. Jini akatoka mweupe kama aliyemwagiwa unga, na watazamaji wakatuuliza yule wa kwanza amekwenda wapi.

Kwa hiyo muulize kila mmoja: tarehe zipi hutakuwepo? Kisha mkae naye, aseme kila anachokijua kwa mkono huku mwingine akiandika. Vipimo, picha za mbele na ubavuni, kipande cha kitambaa kilichobandikwa kwenye daftari. Fanyeni hivyo hata kwa yule mwenye uhakika wa kurudi.

Kama mna mwigizaji mtoto, mwiteni mapema zaidi. Wetu alikuwa na miaka 11. Aliporudi alikuwa na 14, sauti nzito, kanzu imeishia magotini. Msijaribu kumficha kwa kamera. Mwandishi aipitie skripti upya, miaka hiyo ipite ndani ya hadithi pia.

Kama mmetoa hadithi kwenye kitabu, someni mkataba wa mwandishi tena. Ruhusa ya filamu moja si ruhusa ya mbili. Kibali cha Bodi ya Filamu na cha eneo la kushuti viombwe kabla hamjamlipa mtu nauli.

Sasa pango. Jenereta ibaki nje, mbali na mlango, kwa sababu moshi wake ukijaa mle ndani unaua. Tumieni taa za betri. Lenzi zikitoka kwenye gari lenye kiyoyozi zitaingia ukungu, basi zitoeni nusu saa kabla zizoee joto. Taa kali msiwaelekezee popo. Wakitimka, mtu wa sauti hapati kitu. Na kuna watu huja Amboni kutambika. Mkikuta vitu vyao, msivisogeze kwa ajili ya fremu nzuri.

Bahari ndiyo iliyonifunza kupanga ratiba. Sini ya jini kutoka baharini tuliishutia Tongoni, karibu na yale magofu, alfajiri maji yakiwa yamejaa. Shoti moja ikakosekana, dairekta akasema tutamalizia kesho saa ileile. Kesho yake tukakuta maji bado hayajajaa, maana kila siku huchelewa kama dakika 50. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, hujaa sana na kupwa sana. Siku za maji mafu tofauti ni ndogo. Muulizeni mvuvi wa palepale kabla ya kuandika tarehe, na sini za pwani zipangwe kwanza, za pango zifuate. Pango linangoja.

Wanaotoka Dar nao watataka kuja na kuondoka siku hiyohiyo. Mji wetu una msemo wa waja leo waondoka leo, lakini kwa shuti ya alfajiri msiukubali. Walale Tanga usiku wa kabla na usiku wa baada.

Na jini akishavaa ngozi, mtumieni. Dairekta Peter Jackson alizishuti sehemu zote tatu za The Lord of the Rings kwa pamoja huko New Zealand, siku 274 kati ya 1999 na 2000. Mfuko huo hatuna, lakini kama mnajua sehemu ya tatu itampitisha jini kwenye mlango wa pango, mpitisheni safari hiyohiyo. Dakika ishirini zinatosha, na dada wa mekiapu yuko pale pale na ndoo yake ya udongo.