Unatafuta chumba Berlin? Anza na swali la Anmeldung (kuandikisha makazi)

Mliopata udahili Berlin, kabla ya kubishana bei mwandikieni mwenye chumba swali hili: je, nikihamia utanisainia Wohnungsgeberbestätigung? Ni karatasi ya kuthibitisha kwamba umehamia kwake. Sheria ya Ujerumani inakutaka uandikishe makazi yako ndani ya wiki 2 tangu uhamie, na ofisini wataidai karatasi hiyo. Usipojiandikisha, namba ya kodi haiji, kibali cha ukaazi kinakwama, na benki nazo zinakuzungusha. Mpangaji mkuu naye anaweza kusaini, si lazima awe mwenye jengo.

Swali hili linachuja haraka. Anayepangisha kwa kificho ataanza kujiumauma, "njoo kwanza, tutaona". Huyo achana naye hata kama chumba kinatazamana na kituo cha U-Bahn, treni ya chini ya ardhi. Hosteli za studierendenWERK, shirika la huduma za wanafunzi, hazina usumbufu huo, ila foleni yake ni ndefu, kwa hiyo omba mapema.

Mahali linapogoma ni kwa tapeli. Yeye atajibu "ndiyo" bila kupepesa macho, maana chumba chenyewe hana. Usitume amana mpaka mtu unayemwamini akione kwa macho, au mwenyewe akuzungushe ndani kwa simu ya video, afungue na mlango wa nje. Na wale wanaouza karatasi bila chumba waacheni: anayetoa anwani ya uongo anaweza kupigwa faini hadi euro 50,000, na wewe uliyeitumia hutabaki salama.