Tona isiyochonyota: geuza chupa kwanza

Kwa miaka mingi niliamini tona, yale maji ya kupaka usoni baada ya kunawa, isipochoma haifanyi kazi. Wiki moja kabla ya harusi ya binamu yangu Tanga nikanunua chupa kubwa ya buluu, bei chee. Nikijipaka usiku uso unapoa ghafla, halafu mashavu yanachonyota. Nikasema hapo sasa, uchafu unatoka. Siku ya nne ngozi ya pembeni mwa pua ikaanza kubanduka kama ganda la kitunguu, na siku ya harusi poda ikakataa kukaa. Mpambaji akanishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga: "Dada, umeungua na nini?"

Madoa yaliyobaki yalichukua miezi kufifia. Ukisoma maelekezo mengi utaambiwa ngozi iliyochokozwa huwa nyekundu. Kwa sisi weusi huo wekundu mara nyingi hauonekani. Unasikia joto, uso unavuta, kisha linabaki doa jeusi. Kwa hiyo usingoje wekundu. Ukichonyotwa, nawa, acha.

Siku hizi nauza vipodozi mwenyewe, na mteja akiniomba tona ya ngozi nyeti, naigeuza chupa kabla sijasema bei. Mbele ni tangazo, ukweli uko nyuma. Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi. Ni vile visivyozidi asilimia 1 tu vinavyoweza kuwekwa kwa mpangilio wowote. Ukikuta Alcohol Denat., SD Alcohol, Ethanol au Isopropyl Alcohol kwenye majina matano ya mwanzo, rudisha rafuni. Hiyo ni spiriti, ukoo mmoja na ile anayokupangusia nesi kabla ya sindano. Inakausha haraka na kuondoka na mafuta ambayo ngozi yako inayahitaji.

Hapa ndipo watu wanapochanganya. Mteja mmoja alinirudishia chupa amenuna: "Umeniambia haina alkoholi, mbona imeandikwa Cetyl Alcohol?" Nikamwambia, mdogo wangu, hiyo ni alkoholi kwa jina tu. Cetyl, Stearyl na Cetearyl ni vitu vya mafuta, vimekaa kama nta, na kazi yake ni kulainisha. Utazikuta zaidi kwenye tona nyeupe za mfano wa maziwa. Chupa iliyoandikwa haina alkoholi inaruhusiwa kuwa nazo, na hujadanganywa. Inayostahili kutazamwa mara mbili ni Witch Hazel, au Hamamelis Virginiana. Inauzwa kama maji ya mmea, asilia kabisa, lakini yale ya kawaida huwa na alkoholi kama asilimia 14 ndani yake.

Baada ya spiriti, adui wa pili ni harufu, na kwa wateja wangu wengine ndiye wa kwanza. Tafuta Parfum au Fragrance, na wadogo zake Linalool, Limonene, Citronellol na Geraniol. Usidanganyike na neno "unscented": chupa hiyo inaweza kuwa imetiwa manukato ya kufunika harufu nyingine. Inayokufaa ni "fragrance free".

Najua utaniuliza maji ya waridi. Bibi yangu wa Unguja alikuwa na mrashi wa fedha, na chupa ya maji ya waridi kutoka Jabal Akhdar, Oman, ilifichwa kabatini kama hati ya nyumba. Yale yalikuwa maji ya maua kweli. Chupa nyingi za leo, ukizigeuza, ni maji, Parfum na rangi ya pinki. Zinafaa kurashia wageni, siyo uso. Tafuta Rosa Damascena Flower Water, peke yake au mwanzoni mwa orodha. Hata hivyo waridi halisi lina Citronellol na Geraniol zake za asili, kwa hiyo kama uso wako unakataa kila kitu, liache nalo.

Vya kutafuta ni vichache: Glycerin, Panthenol, Allantoin, Aloe Barbadensis ambayo ni shubiri yetu, Sodium Hyaluronate. Orodha fupi ni nzuri kuliko ndefu, maana ikikukera utajua nani kakosa. Limau na siki viache jikoni. Ngozi ina pH, yaani kipimo cha uchachu, inayokaribia 5, limau lina kama 2, hapo unajichubua tu. Na kama unanawa uso kwa sabuni ya kipande yenye pH ya 9 au 10, badilisha sabuni kwanza. Huenda hata tona usiihitaji. (Nakosa hela hapo, lakini ndivyo ilivyo.)

Chupa isiyo na orodha ya viambato, au inayokuahidi weupe ndani ya siku saba, usiiguse. Huko ndiko zebaki na haidrokwinoni, kemikali za kuchubua, hujificha, na zote zimepigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania. Tangu 2019 usajili wa vipodozi uko TBS, Shirika la Viwango Tanzania, muuzaji asichukie ukimuuliza. Wala usinunue iliyoshinda juani kwenye meza ya barabarani.

Dukani tia tone moja mgongoni mwa kiganja. Likipoa ghafla na kupotea huku linanuka hospitali, umeshapata jibu. Nyumbani paka ndani ya kiwiko, palepale, mara mbili kwa siku, siku 7 hadi 10. Hakuna mteja anayenikubalia siku kumi, nakiri. Nikipewa tano nashukuru. Mwenye pumu ya ngozi aanze kwa daktari wa ngozi, si kwangu.

Kupaka, sahau pamba. Mimina kiasi cha sarafu kiganjani, gandamiza usoni bila kusugua, na uso ukiwa bado na unyevu paka krimu yako. Nyuma ya chupa kuna picha ya kikopo kilicho wazi chenye 6M au 12M, ndiyo miezi ya kutumia tangu ufungue. Mimi huandika tarehe kwa maka pen kwenye kitako, kwa sababu mume wangu hujipaka tona yangu akimaliza kunyoa na kila mara huapa kwamba ni mpya.