Kurekodi EP ya kwanza ya soul, kwa mpangilio wa Michael Kiwanuka

Kiwanuka, mwimbaji wa soul wa Uingereza, alizaliwa 1987 akakulia Muswell Hill, kaskazini mwa London, kwa wazazi waliokimbia Uganda ya Idi Amin. Alianza kama mpiga gitaa wa kukodiwa, nyuma ya wasanii wa rap kama Chipmunk na Bashy. Mwaka 2011 lebo ndogo ya Communion ikamtolea EP (rekodi fupi za nyimbo chache), "Tell Me a Tale" na "I'm Getting Ready" zikiwemo, na mwaka huohuo akamfungulia jukwaa Adele. Januari 2012 akashinda BBC Sound of 2012, kura ya BBC ya wasanii chipukizi; albamu, "Home Again", ikaja Machi na kufika nafasi ya 4 Uingereza. Wengi huanza na albamu, halafu wanashangaa hakuna anayeisikiliza.

Andika nyimbo kumi, chagua tatu au nne. Rekodi kila mmoja kwa simu, gitaa na sauti tu. Ukichoka kuusikiliza kabla ya kiitikio cha pili, uache, tarumbeta hazitauokoa. Sogeza kapo, kile kibano cha shingo ya gitaa, mpaka noti ya juu kabisa ya kiitikio ikae toni moja chini ya kikomo chako. Sauti ya soul inataka nafasi ya kukwaruza kidogo, na koo lililofika mwisho halikwaruzi, linapiga kelele.

Chumba cha kulala kinafaa kuliko sebule tupu. Kosa la kawaida ni kutundika blanketi nyuma ya maikrofoni. Maiki nyingi za kuimbia hazisikii sana mgongoni mwake. Zinachonasa ni mwangwi wa ukuta ulio nyuma yako wewe. Blanketi zito litundikwe huko. Simama sentimita 20 hivi kutoka kwenye maiki.

Maiki ya gitaa iwe sentimita 25 hadi 30, ikielekea pale shingo inapoungana na mwili. Ukiielekeza kwenye tundu, besi itavuma na kufunika maneno. Nyuzi mpya zifungwe siku mbili tatu kabla: za leoleo zinalegea kila dakika, na mng'ao wake ni mkali mno kwa muziki huu.

Rekodi kwa biti 24, vilele vya sauti kwenye kipimo cha programu vikicheza karibu na desibeli -12. Pima ukiimba kiitikio kwa nguvu zote, kwa sababu ubeti wa kwanza hudanganya.

Ukiimba na kupiga kwa pamoja, wimbo utapumua, lakini gitaa litaingia kwenye maiki ya sauti, na neno moja lililoteleza halitarekebishika peke yake. Kwa hiyo imba wimbo mzima mara nne, uchague ulio hai, hata kama una kasoro ndogo. Metronomu, kifaa cha kuhesabu mapigo, itumie kupata kasi, kisha izime. Ila kama mpiga ngoma atakuja kuongeza baadaye, iache ikilia masikioni, la sivyo atakufukuza wimbo mzima asikupate.

Kisha ndiyo vionjo. "Tell Me a Tale" ina filimbi, tarumbeta na ala za nyuzi kama fidla, na hapo ndipo waigaji hupotea. Paul Butler wa bendi ya The Bees, aliyetayarisha "Home Again", alitumia vyombo vya kweli. Mpiga filimbi mmoja wa kweli anashinda tarumbeta kumi za kinanda, ambazo zote huanza noti kwa sekunde ileile, na sikio linajua.

Ukiitwa kumfungulia msanii mkubwa, dakika 30 ni nyimbo sita, si nane. Kutyuni na kusalimia kunakula muda. Usianze na wimbo wa polepole kuliko zote, maana watu bado wanatafuta viti. Tumia kapo badala ya kubadili tyuning. Beba seti ya nyuzi za akiba, na wimbo mmoja unaoweza kuuimba bila gitaa wakati mwenzako anafunga uzi uliokatika.